Uyoga wa Mzee Ottavio

Harufu ya uyoga mbichi haifanani na harufu ya chakula kingine chochote. Ni harufu ya udongo uliolala, ya jani lililooza bila haraka, ya mvua ya juzi. Kila Septemba harufu hiyo hupanda ngazi za jengo letu hapa Spånga, pembeni mwa Stockholm, kutoka ghorofa ya kwanza, anakokaa Gunilla, mwalimu mstaafu. Yeye husafisha uyoga wake wa rangi ya manjano akiwa ameacha mlango wazi, nadhani ili sote tujue kwamba amepata, na kwamba hatatuambia amepata wapi. Majirani wengine husema harufu hiyo inawakumbusha bibi zao. Mimi hunikumbusha kwamba niliwahi kumfanyia mama yangu jambo ambalo mwanamke mwenye shahada mbili na maoni juu ya kila kitu angependa kuamini kwamba hakulifanya, hata kama alikuwa na miaka tisa.

Mwaka huu harufu haikuishia ngazini. Gunilla alipanda mwenyewe hadi mlangoni kwetu, kikapu mkononi, akaniomba nimfikishie mama yangu neno. Mama anaishi nami tangu baba alipofariki, huu ni mwaka wa tatu. Yeye na Gunilla hawana hata lugha moja wanayoijua wote wawili, lakini siku za jua hukaa pamoja kwenye benchi mbele ya jengo, huyu akisema Kiswidi, yule akisema Kiswahili chenye lafudhi ya Njombe, na kwa mbali ungeapa kwamba wanabishana juu ya siasa. “Jumamosi,” Gunilla alisema, “ningependa kumpeleka mahali pangu.” Inabidi uwe umekaa Uswidi muda mrefu ili uelewe uzito wa maneno hayo. Mswidi atakuachia ufunguo wa nyumba yake umwagilie maua akiwa safarini, lakini mahali pake pa uyoga hakuonyeshi. Nimeishi Stockholm miaka ishirini na sita, nimeimba nyimbo zao za kiangazi mpaka sauti ikanikauka, na sijaonyeshwa hata kichaka kimoja.

“Anasemaje?” mama aliuliza kutoka jikoni. Nikamweleza. “Mwambie asante, miguu inaniuma.” Nikatafsiri, na Gunilla akashuka ngazi taratibu kama mtoto aliyerudishiwa zawadi yake. Nilipofunga mlango nilisema, “Mama, miguu haikuumi.” “Haiumi,” alikubali, huku akiendelea kuchambua maharage. “Lakini mimi, mwanangu, nilishamjua Otavio mmoja. Watu hawa wakikuchoka hawakwambii. Unaamka tu siku moja unakuta umeshachokwa. Wa pili simtaki, nimezeeka.” Nilifungua jokofu, nikainamisha kichwa ndani nikitafuta kitu ambacho hakikuwamo, na nilikaa hivyo mpaka jokofu lenyewe likaanza kulia kuomba lifungwe.

Ottavio hakumchoka mama yangu. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayelijua hilo, naye ndiye aliyekuwa na kichwa ndani ya jokofu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, wahenga walisema, ila hawakusema kata ifanye nini ikishakuwa na miaka hamsini.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo huko Njombe, na mwaka ule alipelekwa Italia kwa miezi kumi kujifunza kutengeneza jibini. Kwa ukarimu wa watu ambao sikuwahi kujua walikuwa nani, aliruhusiwa kwenda na mkewe na binti yake. Tulifika mwezi wa tatu, baridi ikiwa bado haijaondoka, tukapewa vyumba viwili katika mji mdogo wa mawe ulioketi juu ya kilima kama kofia iliyosahauliwa. Mama hakuweza kulitamka jina la mji, wala hakuona sababu ya kujisumbua. Aliuita Kule Juu, na hadi leo kwetu unaitwa hivyo. Njia zake zilipanda na kushuka kwa ngazi, na mama alisema kwamba mbuzi wa mji ule lazima walikuwa wanapumzika kila baada ya hatua tano. Ukisimama ukutani pale mji unapoishia, uliona vilima vikifuatana hadi macho yachoke: karibu vya kijani, mbele vya buluu, mwisho vya rangi ya moshi. Kengele ya kanisa ililia kila robo saa, pengine kwa kuhofia kwamba tungesahau kuwa hakuna kilichotokea.

Baba aliondoka alfajiri kwenda kwenye kiwanda cha jibini bondeni na kurudi jioni akinuka siki. Mimi nilipelekwa shule, nikajifunza Kiitaliano kwa miezi minne, kwa sababu watoto hukucheka mpaka ujue. Mama hakuwa na wa kumcheka, kwa hiyo hakujifunza. Aliokota salamu mbili, hesabu hadi kumi na jina la mkate. Mengine yote alinitegemea mimi. Dukani nilikuwa mdomo wake, posta nilikuwa masikio yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya mama yangu ilikuwa mimi. Sitajidai kwamba nililiona hilo kuwa mzigo. Nilipenda mno. Watu wazima walinyamaza kunisubiri, na hakuna mtoto wa miaka tisa anayepaswa kuzoea jambo kama hilo.

Mzee Ottavio aliingia maishani mwetu kwa sababu ya mboga. Mama alikuwa ameona mchunga ukiota chini ya ukuta wa mji, ule ule mchungu wa kwetu, wenye utomvu mweupe, akaanza kuuchuma ndani ya kanga yake. Mzee mmoja mwenye kofia na fimbo, mwashi wa mawe aliyestaafu na kufiwa na mke, alikuja kwa hatua za haraka akidhani mgeni huyu anataka kujiua. “Muulize mama yako,” aliniambia, “anajua anachokichuma?” Mama akajibu, “Mwambie nimeula kabla yeye hajaota meno.” Nilitafsiri vilevile, kwa kuwa siku hizo nilikuwa bado mkalimani mwaminifu. Mzee alimtazama mama, aliyekuwa na umri wa binti yake, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akainama na kuanza kuchuma naye. Alisema kwao hupikwa kwa kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Mama alisema kwao hupikwa kwa karanga. Kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Kuanzia hapo Jumapili zikawa zetu. Sisi ni Walutheri, lakini tulikwenda misa ya Kikatoliki kwa kuwa Kule Juu Jumapili asubuhi hakukuwa na jambo lingine la kufanya. Baada ya misa baba alilala, nasi watatu tulitoka kwa lango la chini, tukapita makaburini, tukashuka kwenye matuta ya mizeituni. Upepo ukipita majani yaligeuka upande wao mweupe, kilima kizima kikawa kama maji. Chini zaidi kulikuwa na kijito chenye kaa wadogo; mama alikataa kuamini kwamba kaa anaweza kuishi mbali na pwani kiasi kile, hadi mmoja alipomshika kidole. Tulifika kwenye nyumba ya wakulima iliyoachwa, ambamo mtini ulikuwa umeota jikoni na kutokea darini, na tulikula tini zake tukiwa tumekaa mahali palipokuwa jiko. Siku moja mama aliokota mwiba mrefu wenye mistari myeusi na myeupe. Alisimama akiutazama kana kwamba amekutana na ndugu yake sokoni katika mji asiotegemea. “Nungunungu,” alisema. “Mwambie kwetu wako.” Ottavio alisema kwamba wazee wao waliamini mnyama huyo aliletwa kutoka Afrika zamani sana. Mama akauweka mwiba ule kwenye nywele zake. “Basi mwambie huyu ndiye aliyetutangulia,” alisema, “na ndiye aliyepaswa kutupokea stesheni.”

Ottavio hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijifunza moja la kwetu. Mimi nilimwamkia kila Jumapili, “Shikamoo,” maana mama asingenikubalia kumpita mtu wa umri ule hivi hivi, naye aliuliza anatakiwa kujibu nini. Mama akamfundisha. Alilitamka “maraba”, kwa sauti nzito ya askofu, akivua kofia. Ilifika wakati akawa ananisubiri langoni, na nisipoanza haraka, ananikoholea. Mama alipomsikia aliniambia, “Huyu sasa ni wetu.” Sasa naelewa alichomaanisha. Ule ulikuwa mwezi wake wa sita katika mji ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza swali lisilohusu bei.

Mvua zilianza mwishoni mwa Septemba, na Jumapili moja Ottavio hakufuata njia yetu ya kawaida. Alituzungusha, akaturudisha nyuma, akatuvusha kijito mara mbili, hadi tukaingia katika msitu wa mialoni ambako jua lilifika vipande vipande. Hapo chini ya majani ulikuwepo ule uyoga mnene wenye kofia ya kahawia kama mkate uliotoka tanuri, ambao kwa lugha yao unaitwa vitoto vya nguruwe. Mama alipiga magoti, akavuta harufu yake, akafumba macho. Halafu, kabla sijamzuia, akaweka mikono mdomoni na kupiga kelele: “Njoooni!” Ottavio karibu afe. Alimfunika mama mdomo kwa kofia yake mwenyewe.

Ilibidi nieleze. Kwa bibi yangu huko Njombe, ukikuta uyoga unaita wenzako. Uyoga haukupandwa na mtu, haukupaliliwa na mtu, na bibi alisema kwamba anayekula peke yake mwakani atakuta majani matupu. Mama alifanya alivyolelewa. Ottavio naye, akijipangusa jasho, alieleza kwamba mahali pale alionyeshwa na baba yake, aliyeonyeshwa na babu yake. Kwamba mkewe aliyezaa naye watoto watatu alifariki bila kupajua. Na kwamba ameshindwa kuwaonyesha wanawe kwa sababu wamehamia mjini na wananunua uyoga wa kopo. “Sasa napajua mimi, anapajua mama yako, na anapajua Mungu,” alisema. “Mungu hali uyoga.” Mimi hakunihesabu. Mkalimani huwa kama bomba. Mtu hakumbuki kwamba nalo hulowa.

Ombi lile lilikwenda kinyume na kila ambacho mama alifundishwa na bibi. Hata hivyo aliinua mkono wa kulia kama mtu aliye mahakamani. “Mwambie sitasema,” alisema. “Kwa Mungu.” Hakusema. Hata baba hakumwambia. Alipouliza uyoga umetoka wapi, alijibiwa kwamba umetoka ardhini.

Sasa nifike kwenye baiskeli. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aitwaye Ornella, ambaye baba yake alikuwa na mgahawa pekee wa mji. Ornella alikuwa na baiskeli nyekundu yenye kengele na kikapu, na alikuwa na kundi la wasichana wanne waliomfuata, na mimi nilikuwa wa tano ambaye hakualikwa. Walinivumilia kwa hisani. Siku moja katikati ya wiki, tukiwa kwenye kiwanja cha mbele ya kanisa, Ornella alikuwa akijivuna kwamba baba yake ananunua uyoga kutoka mbali kwa sababu wazee wa mji ni wachoyo na wanakufa na siri zao. “Mimi napajua pa Ottavio,” nilisema. Sikumbuki kama niliamua kusema. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umezoea kusema ya watu wengine. Huenda ulitaka kwa mara moja kusema lake. Ornella alisimamisha baiskeli. “Muongo.” “Si muongo.” “Basi sema.” Nikamtazama, nikaitazama baiskeli. Nilieleza kila kitu: nyumba yenye mtini, kijito, jiwe lililopasuka, mialoni. Nilieleza vizuri, nikiwa mtoto mwenye kipaji cha lugha. Nikapewa baiskeli nizunguke kiwanja. Nilizunguka mara moja na nusu. Mzunguko wa pili mnyororo ulikatika, nikamaliza kwa miguu.

Jumapili iliyofuata tulimsubiri Ottavio langoni, hakutokea. Mama alifikiri anaumwa, akakaanga maandazi ya iliki, akayaweka kwenye bakuli mlangoni kwake, kwa kuwa tulipogonga hakujibu. Kumbe alikuwa msituni. Baba yake Ornella na shemeji zake walikwenda na magunia na reki. Uyoga ule huokotwa kwa kisu kidogo na mkono mpole; wao walikwangua ardhi hadi mizizi, wakageuza majani yote juu chini, kama watu wanaotafuta pete iliyopotea. Hayo niliyasikia shuleni siku ya pili, Ornella akisimulia kwa fahari. Nilikwenda chooni nikakaa hadi kengele ilipolia.

Siku ya tatu mzee alikuja. Mama ndiye aliyefungua mlango, akafurahi. Mimi nilikuwa mezani na daftari langu. Ottavio hakuvuka kizingiti wala hakuvua kofia. Alizungumza nami polepole, kama alivyofanya siku zote ili nimfikishie mama bila kukosea. “Muulize mama yako jambo moja tu,” alisema. “Ni yeye?”

Sikuhitaji maelezo zaidi, wala yeye hakudhani kwamba mama angeyahitaji. Mama alinigeukia na uso wake wa kusubiri, ule uso mkunjufu aliokuwa nao kila nilipotafsiri, kana kwamba kila neno lilikuwa barua kutoka nyumbani. Nikasema, “Anauliza kama ni wewe uliyeacha maandazi mlangoni.”

Mama alicheka. Aliweka mkono kifuani, akatikisa kichwa kukubali, mara mbili. “Mwambie ni mimi!” alisema. “Mwambie nimefanya kwa mapenzi tu, na Jumapili nitafanya tena.”

“Ni yeye,” nilimwambia Ottavio. “Anasema amefanya kwa mapenzi tu, na Jumapili atafanya tena.”

Ningepelekwa mahakamani ningeweza kujitetea kwamba maneno ya mama niliyatafsiri yote, bila kupunguza wala kuongeza. Ni ukweli. Nimewahi kufundisha semina nzima kuhusu uaminifu katika tafsiri, na wanafunzi waliandika kwenye tathmini kwamba mwalimu anaonekana kuguswa sana na mada. Ottavio alimtazama mama akicheka. Alitamka neno moja tu, “Peccato,” ambalo kwa lugha yao ni dhambi, na pia ndilo neno la kusema jambo zuri limeharibika. Akaondoka. “Kasemaje?” mama aliuliza. “Kasema asante.”

Jumapili alikaanga maandazi tena. Bakuli la kwanza lilikuwa palepale mlangoni, maandazi yakiwa yamekauka, mdudu akitembea juu yake. Mama alilichukua. Kilichomuumiza hakikuwa hicho. Wiki ile tulikutana na Ottavio kwenye ngazi, nikamwamkia kama kawaida, kwa sababu mama alikuwa amenishika mkono na nisingethubutu kutoamkia. “Shikamoo.” Alipita. Mama alisimama akimtazama akishuka, akisubiri, hadi mzee alipokata kona. Kwetu mtu mzima anaweza kugombana na mzazi miaka kumi, lakini shikamoo ya mtoto haiachwi ikaanguka chini. “Amekataa kukuitikia,” mama alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. “Wewe. Mtoto.” Alinikumbatia pale pale ngazini ili kunifariji, mimi.

Matembezi yalikwisha. Mama alijaribu kutoka nami peke yetu mara moja, tukafika makaburini tukarudi. Novemba na Desemba alikaa dirishani akiwa amejifunika kanga mbili juu ya koti, akihesabu kengele. Siku ya kuondoka alisimama mbele ya mlango wa Ottavio, akaniambia, “Mwambie asante kwa kutembea nasi. Hata kama ametuchoka, tulitembea.” Nilimsikia mzee akikohoa ndani. Nilisema maneno yale kwa sauti ambayo mlango ungeweza kuisikia, lakini si mtu. Mama aliamini kwamba nimesema na hatukujibiwa.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu imekuwa ya zaidi ya miaka arobaini, na sehemu kubwa ina lami. Mama alirudi Njombe na somo lake, akalitumia kwa bidii. Wafadhili wa jibini walipokuja kututembelea aliwapikia vizuri na hakukaa nao. Nilipopata nafasi ya kusoma Uswidi alinipa ushauri mmoja tu uwanja wa ndege: “Wakikupenda, hesabu siku.” Nilipotaka kuolewa na Mswidi alinisimulia tena habari za Otavio, kwa upole, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa ukoo. Ndoa hiyo ilivunjika, kwa makosa ambayo mengi yalikuwa yangu, na mama hakunilaumu, alimlaumu Ottavio. Kila mara nilijiambia kwamba si wakati wake. Harusini si wakati wake. Msibani si wakati wake. Nimeandika insha kuhusu ukoloni wa lugha, kuhusu sauti za wanyonge, hata moja kuhusu uyoga, na katika zote hizo sikupata nafasi ya sentensi moja.

Usiku baada ya Gunilla kushuka ngazi nilitafuta Kule Juu kwenye ramani ya kompyuta, ile inayokuwezesha kutembea barabarani ukiwa umevaa soksi. Madirisha mengi yamefungwa. Nyumba yetu ina bango la kupangisha watalii. Mgahawa upo, na kibao chake kimechorwa uyoga. Asubuhi nilimkuta mama akinywa chai, nikakaa mbele yake, nikamwambia yote, kuanzia baiskeli.

Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza aliuliza kwa utaratibu, kama karani. “Alisema, ‘Ni yeye?’”

“Alisema hivyo, Mama.”

“Na mimi nikacheka.”

“Ulicheka.”

“Nikasema nitafanya tena.”

“Ulisema.”

Alisukuma kikombe mbali. Nilitarajia hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. “Alinionaje yule mzee?” alisema. “Nimemwapia kwa jina la Mungu. Halafu nimesimama mlangoni pake, nimekivunja kiapo, na ninamchekea usoni.” Machozi yalimtoka bila sauti. “Lazima amekufa.”

“Angekuwa na zaidi ya miaka mia.”

“Kwa hiyo amekwenda nayo hivyo hivyo.”

Nilisema nisamehe. Nilisema nilikuwa mtoto. Mama alijifuta kwa ncha ya kanga, akanitazama kwa umakini ambao sikuuzoea. “Yule wa miaka tisa nimemsamehe, mtoto ni mtoto,” alisema. “Huyu wa hamsini, tutaona.”

Jumamosi alikwenda msituni na Gunilla. Nilivaa viatu niwasindikize, kwa ajili ya lugha, mama akaniambia “Baki” bila kugeuka. Wiki iliyofuata alikuwa na miadi kituo cha afya. Nimempeleka kila mara, na kila mara nimekaa katikati yake na daktari, nikiwarudishia maneno huku na huku. Daktari alinisogezea kiti changu. Mama akainua mkono, ule wa kulia. “Nej,” alisema, yaani hapana. Kisha, kwa Kiswidi ambacho bila shaka alifundishwa kwenye benchi: “Tolk, tack.” Mkalimani, tafadhali. Daktari alinitazama, nami nikaitazama sakafu. Alipiga simu, na sauti ya mwanaume, kwa lafudhi ya Burundi, ikajaza chumba: “Karibu, Mama. Mimi naitafsiri yote unayosema, siongeze, sipunguze.” Niliombwa nisubiri nje.

Nilikaa kwenye korido chini ya tangazo la kunawa mikono. Siku za Kule Juu hapakuwa na sauti kama hiyo ya kukodi. Kulikuwa na mimi tu, na mama aliuamini mdomo wangu kwa sababu alikuwa ameuzaa mwenyewe. Leo kuna simu, kuna sheria, kuna mtu asiyemjua na asiye na baiskeli yoyote ya kutamani, na kwake mama yuko salama zaidi kuliko alivyokuwa kwangu. Kupitia mlango nilisikia akisema kitu kirefu, kisha kimya, kisha sauti ya Mrundi, kisha daktari akacheka, na mama akacheka baadaye kidogo. Nilisogeza kiti karibu na mlango. Halafu nilikirudisha kilipokuwa.